Mtoto akisoma "mtele" amesoma sawa

Assalam aleikum walimu wenzangu, na hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja siku ya Jumamosi, najua wengine mmevuka feri Likoni na wengine mmetoka Miritini na foleni ile mnaijua, kwa hivyo naanza moja kwa moja, naanza na mtoto mmoja.

Alikuwa msichana wa darasa la tatu, kwao Kibokoni, hapo Mji wa Kale. Nikamwita asome. Kitabuni pameandikwa "Mama alinunua mchele sokoni", na yeye kidole kiko chini ya maneno, kinakwenda neno kwa neno, sauti nzuri, akasoma "Mama alinunua mtele sokoni". Nikamkatiza, "Mchele". Akarudia, mtele. Nikamkatiza tena. Mara ya tatu hakusema kitu, kidole kimesimama palepale chini ya lile neno, macho kayainamisha, na muhula ule mpaka unaisha sikumuona tena akiinua mkono asome. Nimefundisha miaka mingi lakini kile kidole bado nakiona.

Sasa hebu tufikirieni pamoja. Yule mtoto angekuwa hajui kusoma, hilo neno mtele angelitoa wapi? Anayebahatisha atasema mchezo, atasema mchere, atasema chochote. Yeye alizitambua herufi, akapata maana, halafu kinywa kikatoa neno lenye maana ileile kama anavyolisikia kwa mamake jikoni. Yaani alisoma, tena alisoma akaelewa, ndiyo kazi tunayoitafuta sisi siku zote, na mimi nikamhesabia kosa.

Na si neno moja tu, ni utaratibu. Kimvita, yaani Kiswahili chetu cha hapa Mombasa, kina t mahali pengi ambapo Kiswahili cha vitabuni kina ch. Mchele ni mtele, mchanga ni mtanga, macho ni mato, kucheka ni kuteka, mchuzi ni mtuzi. Halafu pengi penye nj Kimvita kina nd, njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo, kuvunja ni kuvunda. Lakini sikilizeni vizuri hapa, si kila ch. Chai ni chai, chakula ni chakula, chumba ni chumba, hakuna mtu Kuze atakwambia tumba akikusudia chumba. Mtoto wa miaka sita anajua hiyo mipaka yote bila kufundishwa na mtu. Sisi tukimkatia kila t bila maelezo tunamvuruga, anaanza kuiogopa t yenyewe, nimeshasahihisha insha ya mtoto ameandika mama ameenda kisimani "kucheka maji". Hilo kosa si la kwao, kwao hawasemi hivyo, ni kosa tulilomtengenezea sisi kwa wino mwekundu.

Kuna mwingine, kijana, aliingia darasani akasema mwalimu nimevunda kalamu. Mwalimu mwenzetu alikuwa ametoka bara, ana mwezi mmoja Mombasa, kwake yeye kuvunda ni kuoza, ni harufu. Darasa likacheka, mwalimu akadhani anafanyiwa mzaha, kijana akatolewa nje. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Mwalimu hakuambiwa tu, na alipopangiwa kuja huku alipewa barua na mtaala, hakuna aliyekaa naye nusu saa akamwambia watoto wa hapa wanasema hivi na hivi. Ndiyo maana nimewaomba mje leo.

Historia sitaikalia sana, ila hii lazima tuijue sisi watu wa hapa. Mmisionari Mjerumani Krapf alipofika Mombasa 1844 Kiswahili alichokisikia na kukiandika kwa wingi ni hiki cha Mvita, na kamusi yake iliyotoka 1882 imejaa maneno hayo. Halafu 1928 ukafanyika mkutano, na ulifanyika hapahapa Mombasa, ikakatwa kwamba Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha shule, na wamisionari wa Kianglikana wa huku walikitetea Kimvita lakini hawakufaulu. Kamati ya lugha ikaundwa 1930 kusimamia. Kwa hivyo mchele ulichaguliwa mkutanoni. Mimi sina ugomvi na uamuzi huo, tulihitaji lugha moja ya vitabu na mitihani, lakini kuchaguliwa si sawa na kuwa sahihi tangu mbinguni, na mtele haukuwa makosa jana yake.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Jumatatu mwanafunzi wa sekondari anaandika "mato" kwenye insha, tunakata. Jumatano tunafundisha ushairi, shairi limeandika "mato", tunawaambia hii ni lahaja, mshairi ana idhini yake, andikeni. Muyaka bin Haji aliyetunga hapa kabla ya 1840 tunamsifu kwa lugha hiyohiyo anayozungumza bibi yake yule mtoto. Mtoto amekaa pale anasikia neno la nyumbani kwao limekuwa pambo la mshairi, na lake yeye limepigwa mstari mwekundu. Isimujamii, yaani somo la lugha katika jamii, tunaifundisha kwa ajili ya karatasi ya pili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, tunataja Kimvita, Kiamu, Chichifundi, Kivumba, wanakariri majina, na wenye lahaja zenyewe wamekaa dawati la mbele hatuwaulizi kitu.

Wenzetu Marekani jambo hili lilifika mahakamani. Mji wa Ann Arbor, wazazi weusi walishtaki kwamba watoto wao hawafunzwi kusoma sawasawa sababu walimu hawaijui lugha ya nyumbani kwao, na 1979 Jaji Charles Joiner akaiamuru wilaya ya shule iwe na mpango wa kuwasaidia walimu waitambue lugha hiyo na waitumie wakifundisha kusoma Kiingereza sanifu. Mzigo uliwekwa kwa mwalimu kwanza. Nami naona hivyo ndivyo.

Msinielewe vibaya, sisemi mtoto asijue mchele. Mtihani utamuuliza mchele na lazima auandike. Ninachosema ni njia. Akisoma kwa sauti muache amalize, muulize mama alinunua nini, akijibu amejibu. Kuandika ndiko mahali pa kumwonyesha, mgawie ukurasa wa daftari mara mbili, huku tunavyosema nyumbani, huku tunavyoandika shuleni, ajaze mwenyewe, mtaona wanavyofurahi kuvumbua ule utaratibu wa t na ch. Na neno "hujui Kiswahili" likome midomoni mwetu kabisa. Mtoto wa Mvita akitamka paa mnyama na paa la nyumba anazitofautisha kwa pumzi, yule mnyama anatoka na mpumuo, na tahajia yetu hata haina herufi ya kuonyesha hilo. Anajua kitu ambacho kitabu hakina.

Hayahaya yanamhusu na mtoto wa Kigiriama anayesema madzi, na huyu wa Changamwe ambaye wazazi wametoka bara anayesema "tunakulanga". Hiyo -nga haikuokotwa barabarani, lugha nyingi za Kibantu zina kiambishi cha namna hiyo cha kuonyesha mazoea. Ukijua imetoka wapi utamfundisha "huwa tunakula" bila kumdhalilisha.

Bas, nimesema vya kutosha, sasa nataka kusikia nyinyi, au siswi na nyinywi kama tusemavyo nyumbani. Kila mtu achukue karatasi aandike maneno matano aliyoyakata kwa wino mwekundu wiki hii, tuyaangalie moja moja. Tuanze na wewe mwalimu wa Jomvu pale nyuma, watoto wako njia wanaiitaje?