Joto la Chumba ni la Chumba Gani?

HAMISI: Shikamoo, shangazi, na shikamooni wakubwa wote mnaotusikiliza. Wadogo, hamjambo. Juma lililopita niliahidi kwamba leo tutajifunza mambo matatu kuhusu biskuti laini zenye kutafunika: sukari, vitu vitamu vya kuchanganya ndani yake, na namna ya kuzihifadhi. Nimeyaandika kwa mpangilio na karatasi iko hapa mezani, lakini kabla hatujaisoma, naomba nieleze yaliyonikuta Jumamosi, kwa sababu bado yananiuma.

BI MWANAIDI: Marahaba, mwanangu. Eleza. Mimi niliziona hizo biskuti, wasikilizaji hawakuziona.

HAMISI: Jirani yetu alikuwa na akika ya mtoto wake wa kwanza, nami nilimwahidi biskuti 80 za vipande vya chokoleti. Nilifuata maelezo yaliyoandikwa Marekani, neno kwa neno, na maelezo hayo yalisema siagi iwe na joto la chumba. Nikaitoa kwenye jokofu baada ya swala ya alfajiri, nikaiacha mezani ndani ya bakuli, nikaenda kununua mayai, na niliporudi saa tano siagi ilikuwa bado ina umbo lake ila iling'aa. Niliipiga na sukari kwa dakika tano nzima bila kugeuka nyeupe, lakini nikaendelea. Nilipochungulia oveni baada ya dakika saba, madonge yote 12 yalikuwa yameungana yakawa kama chapati moja, pembeni imeungua na katikati mafuta yanachemka kuzunguka chokoleti. Trei ya pili ikawa vilevile. Donge lililobaki nililitia kwenye jokofu kwa saa mbili, likanisitiri, lakini mama wa mtoto alipokea biskuti 56 badala ya 80, na mimi ndiye niliyemwahidi.

BI MWANAIDI: Jikoni kwako kulikuwa na nyuzi ngapi?

HAMISI: Nilipima baadaye, saa saba mchana, nikakuta nyuzi 31.

BI MWANAIDI: Basi swali la kwanza ni hilo, na nadhani litatuchukua muda. Maelezo yanasema joto la chumba, nami nauliza ni chumba gani. Aliyeyaandika alikuwa na jiko lenye nyuzi 18 au 20, na katika joto hilo siagi ya maziwa ni laini kwa nje na imara kwa ndani, ukiibonyeza kwa kidole inaacha shimo bila kidole kuzama. Siagi hiyohiyo inamalizika kuyeyuka inapofika nyuzi 32 hadi 35. Wewe uliiweka mahali ambapo ilibakiza nyuzi moja tu kabla ya kuwa mafuta.

HAMISI: Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini haikugeuka nyeupe. Chembe za sukari zinapopigwa na siagi iliyo imara huchonga vishimo vidogo vya hewa, na siagi huvishikilia. Siagi inayong'aa haishikilii kitu. Tena ikiingia kwenye oveni inatiririka kabla yai na unga havijapata muda wa kukaza, kwa hiyo biskuti inatambaa.

BI MWANAIDI: Umesema vizuri. Mimi jambo hili lilinifundisha Lushoto. Nilipopangiwa kufundisha Sayansi Kimu kule nikiwa kijana, nilitoka Tanga na mazoea yangu yote ya pwani. Kule milimani siagi niliyoitoa saa moja asubuhi ilikuwa bado ngumu saa nne, na wanafunzi wangu waliipiga mpaka mikono ikauma. Nilipohamishiwa tena Tanga nikafundisha somo lilelile kwa daftari lilelile, siagi ikayeyuka mbele ya darasa. Umbali kati ya Tanga na Lushoto si mkubwa, lakini ni vyumba viwili tofauti kabisa. Anayetusikiliza Njombe au Nairobi anaweza kuyafuata maelezo ya Marekani jinsi yalivyo. Anayetusikiliza Mombasa, Mtwara au Pemba anadanganywa na neno moja.

HAMISI: Hata mahali pamoja hapabaki vilevile. Hapa Temeke, wakati wa kusi, mwezi wa Julai, asubuhi ni tulivu na siagi inakaa saa nzima bila taabu. Wakati wa kaskazi, kama sasa, nusu saa ni nyingi mno.

BI MWANAIDI: Ndiyo maana sikufundisha dakika tena, nikafundisha kidole. Bonyeza: ikiacha shimo na isipong'aa, anza kupiga. Iking'aa, irudishe penye ubaridi. Na asiye na jokofu aweke bakuli la siagi ndani ya beseni la maji ya mtungi. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu yanayopenya hadi nje hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto.

HAMISI: Nakuheshimu, shangazi, lakini pwani hewa imejaa unyevu, kwa hiyo mvuke hauondoki upesi na mtungi haupozi kama unavyopoza Dodoma.

BI MWANAIDI: Haupozi kama Dodoma, ni kweli, lakini unapunguza nyuzi chache, na wewe Jumamosi ulihitaji chache tu. Tena anza kazi alfajiri. Mama zetu waliokaanga na kuoka kwa ajili ya Idi hawakufanya kazi hiyo saa saba mchana, na sababu yao haikuwa usingizi.

HAMISI: Hapo sina neno. Lakini nilitaka kusema jambo ambalo nimelijaribu tangu Jumapili mpaka jana. Kwa biskuti laini, nadhani sisi watu wa pwani tusihangaike na joto la chumba kabisa. Tuiyeyushe siagi yote, tuiache ipoe, tuchanganye na sukari guru iliyoparuzwa, kisha donge lilale kwenye jokofu usiku mzima. Siagi ya maziwa ina maji kiasi cha asilimia 16, na inapoyeyushwa maji hayo yanakuwa huru kuufikia unga wa ngano, gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika, inajijenga, na biskuti inapata ule mvutano wa kutafunika. Jokofu nalo linaigandisha siagi tena, kwa hiyo ndani ya oveni haitambai haraka.

BI MWANAIDI: Vipimo?

HAMISI: Unga gramu 250, siagi gramu 150, sukari guru gramu 150, sukari nyeupe gramu 60, yai moja na kiini kimoja cha ziada, chumvi kidogo, na chokoleti gramu 170 iliyokatwa kwa kisu. Madonge ya gramu 45, oveni nyuzi 175, dakika 11.

BI MWANAIDI: Vipimo vyako sina ugomvi navyo. Sukari guru huvuta unyevu na kuushikilia, kiini kinaongeza mafuta. Lakini angalia: bibi zetu nao waliyeyusha mafuta. Walitumia samli, na samli imekwisha kuondolewa maji yake motoni, kwa hiyo haina la kuupa unga. Tena vileja, biskuti zetu za pwani, ni vya unga wa mchele, ambao hauna gluteni. Ndiyo maana kileja kinamumunyika mdomoni na harufu ya iliki inabaki. Mpwani alitatua suala la joto la chumba zamani sana, kwa kuchagua mafuta yasiyomdai ubaridi. Wewe unalitatua kwa jokofu, na umeme ukikatika usiku, suluhisho lako limekwenda nao.

HAMISI: Umeme ukikatika kwa muda wa saa mbili au tatu, jokofu lililofungwa linabaki baridi. Lakini naomba uonje. Hizi nimezitoa saa moja iliyopita, za donge la jana.

BI MWANAIDI: Bismillahi. Ladha ni nzuri sana. Sukari guru imeleta ule utamu wenye harufu ya miwa, na chokoleti haikuzidi. Lakini, Hamisi, hii haijaiva.

HAMISI: Imeiva, shangazi.

BI MWANAIDI: Itazame. Nimeishika huku na huku, nimeikunja, na imekubali. Biskuti iliyoiva huvunjika, hii inakunjika. Nimefundisha miaka 32, na hii ningemrudishia mwanafunzi aiingize tena jikoni.

HAMISI: Ukiiingiza tena utaua kile nilichokitafuta. Biskuti laini hutolewa wakati pembeni imeshika rangi na katikati bado inaonekana mbichi, kisha inaachwa juu ya trei ya moto dakika tano ikamilike. Ukisubiri katikati nako kukauke ndani ya oveni, ikipoa itakuwa ngumu. Na sikubahatisha: nilichoma kipimajoto katikati nikakuta nyuzi 84, wakati chakula chenye mayai huhesabiwa salama kikifika nyuzi 71.

BI MWANAIDI: Usalama ni jambo moja na kuiva ni jambo jingine. Kiazi kinaweza kuwa salama na bado hakijaiva. Kuiva ni chakula kufikia ukomo wake, na ukomo wa biskuti ni ukavu. Wewe mwenyewe hizi biskuti unazisifu kwa asili yao ya Marekani. Ruth Wakefield, aliyekuwa na nyumba ya wageni ya Toll House katika mji wa Whitman, Massachusetts, ndiye aliyezitengeneza katika miaka ya 1930 kwa kukata kipande cha chokoleti na kukichanganya kwenye donge, na jina alilozipa lilikuwa na neno linalotaja mlio wa kutafuna. Zake zilikuwa ndogo na zilivunjika. Ulaini umekuja baadaye.

HAMISI: Kuja baadaye hakulifanyi jambo kuwa kosa. Mkate wa kumimina ni laini, sinia zima, na hakuna anayesema haujaiva. Kitumbua kina ulaini ndani. Kwa nini biskuti peke yake inyimwe?

BI MWANAIDI: Kwa sababu mkate wa kumimina huliwa siku hiyo, lakini biskuti ni chakula cha kopo. Mgeni hakuarifu kwamba anakuja. Unafungua kopo, unampa, na kilicho ndani kiwe kama kilivyokuwa juma lililopita. Pwani hewa inalainisha kila kitu chenyewe, chumvi inalowa, biskuti zinalegea, na kazi yote ya mpishi wa kwetu imekuwa kushindana na unyevu huo. Wewe unautengeneza kwa makusudi.

HAMISI: Mimi naona kinyume chake. Kwa kuwa hewa itazilainisha hata hivyo, heri nizitengeneze za ulaini mzuri wenye mvutano, kuliko kutengeneza kavu ambayo kesho itakuwa imelegea bila kutafunika wala kuvunjika. Na kwenye kopo naweka kipande cha mkate. Chenyewe kinakauka, biskuti zinabaki laini siku nne.

BI MWANAIDI: Siku nne. Vileja vyangu vya Idi vinafika majuma matatu.

HAMISI: Lakini yule mtoto wa jirani atakapokua, atakumbuka biskuti aliyoila ikiwa na vuguvugu, chokoleti ikiwa bado laini. Hicho nacho kina thamani, shangazi, hata kisipofika kwenye kopo.

BI MWANAIDI: Kina thamani, sikatai. Ninakataa neno moja tu. Kiite keki ndogo, kiite andazi la chokoleti, nami nitakula mbili. Usiniambie biskuti imeiva.

HAMISI: Nitaendelea kuiita biskuti, na imeiva.

BI MWANAIDI: Haya.

HAMISI: Shangazi, naona tumebakiwa na dakika tatu, na karatasi yangu haijaguswa. Sukari tumeigusa kidogo, kuhifadhi tumekubishania, na vitu vya kuchanganya, ambavyo wengi wenu mlituandikia mkiviulizia, hatukufika kabisa.

BI MWANAIDI: Sema hata moja, usiwaache mikono mitupu.

HAMISI: Tende: toa kokwa, katakata, zivuringe kwenye kijiko cha unga ili zisigandane sehemu moja ya donge. Kashata za karanga zina tabu, kwa sababu sukari yake inayeyuka na kuchuruzika pembeni mwa biskuti, kwa hiyo vipande viwe vikubwa na vifichwe katikati. Korosho zikaangwe kwanza bila mafuta. Habari ya kakao ya Kyela na namna ya kuchagua chokoleti isiyotaka kuganda vibaya kwa joto letu nilikuwa nimeiandikia ukurasa mzima, lakini haiwezekani tena leo.

BI MWANAIDI: Adhana ya magharibi imekaribia, na mimi nina safari ya kuvuka hadi Kigamboni. Iache.

HAMISI: Basi niwaombe wasikilizaji jambo moja. Mwenye kipimajoto akiweke jikoni saa sita mchana, atuandikie nyuzi ngapi amekuta na yuko mji gani. Asiye nacho aiweke siagi mezani, aibonyeze kila baada ya dakika kumi, na atuambie ilianza kung'aa baada ya muda gani.

BI MWANAIDI: Na watakaozioka kwa vipimo vya Hamisi waandike pia kama zilivunjika au zilikunjika.