Kabla Hujauliza Dripu ya Ketamini

Asanteni. Kaeni, jamani, viti vipo huku mbele. Naona ukumbi umejaa, na najua kilichowaleta si mimi, ni ketamini. Tangazo lingesema tu "mazoezi ya kukabiliana na wasiwasi", leo tungekuwa mimi na mwenye viti. Basi nianze na jibu, ili mwenye haraka awahi mwendokasi: ketamini, dawa ya nusukaputi, kwa ugonjwa wa OCD, ule wa mawazo yanayomganda mtu na kumlazimisha kurudiarudia jambo, inatia matumaini, ushahidi wake bado mdogo, na karibu kila anayeniuliza habari zake hajawahi kupata hata tiba ya kwanza ipasavyo.

OCD ni nini sitaeleza zaidi ya hapo, mnajua, ndiyo maana mko hapa. Ila wewe unayependa kupanga viatu vyako kwa mstari na ukiviona unafurahi, huumwi. Nenda kapange viatu.

Nina kijana mmoja, habari zake nimezibadilisha asitambulike, tumwite muuza vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam. Ugonjwa ulimkamata kwenye udhu. Anatawadha vizuri, akifika mguu wa kushoto anajiuliza: puani nilipandisha maji sawasawa? Anaanza upya. Akimaliza anahisi kama ametokwa na upepo. Anaanza upya. Jua linachomoza yeye yuko bafuni, pipa limekwisha, na sala ya alfajiri yenyewe hajasali. Mama yake kwa huruma akaweka kigoda mlangoni awe anamhesabia: "Hiyo ya tatu mwanangu, imetimia, toka." Ikafika mahali mama asipokuwepo kijana hatawadhi. Usiku anampigia shehe wake: "Shehe, udhu wangu umesihi?" "Umesihi." Haipiti robo saa, simu tena.

Alisomewa, akanywa kombe. Zahanati wakampa amitriptilini, dawa ya sononi, yaani huzuni nzito, inayoleta usingizi, kidonge kimoja usiku. Akalala usingizi mzuri kabisa, akaamka, akarudi bafuni.

Halafu binamu aliyeko Marekani akatuma video ya watu wamelala kwenye viti vya kifahari na dripu mkononi. Ukoo ukafungua grupu la mchango. Walikuwa wameshaanza kuulizia nauli ya India ndipo mjomba mtu akasema tumwone kwanza yule mama wa Upanga, ndiye mimi. Nikamuuliza kijana swali ninalowauliza wote: dawa gani, miligramu ngapi, kwa muda gani? Akatoa kadi yake. Baada ya amitriptilini kuna mahali walimwandikia fluoksetini, mojawapo ya dawa za kwanza za OCD, miligramu 20 kwa siku, akameza wiki tatu, akaacha kwa sababu "haikufanya kitu".

Wiki tatu! Kwa sononi tu ungemwambia avute subira. Kwa OCD dozi mara nyingi inapandishwa mpaka 40 au 60, na tunasubiri wiki 8 mpaka 12 kabla ya kusema imeshindwa. Ikishindwa ipo sertralini, ipo klomipramini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ugonjwa huuhuu. Kijana hakuwa na ugonjwa sugu. Alikuwa na tiba iliyokatwa katikati.

Dawa tukairudisha, tukaipandisha polepole. Lakini kazi yenyewe ilifanyika kwenye bomba la nyuma ya kliniki. Nilimwita shehe wake, mtu muungwana sana, akamkumbusha kijana kwamba Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Sasa hapa ndipo watu wengi wanakosea, wanadhani jibu la shehe ndiyo dawa. Kijana alikuwa analijua hilo jibu kwa moyo! Kulisikia tena kulimtuliza dakika kumi, kisha akalihitaji tena. Simu ile ilikuwa sehemu ya ugonjwa, sawa na maji. Kwa hiyo nikamwomba shehe kitu kigumu kwa mtu wa imani: asipokee simu za udhu. Na mama aondoe kigoda.

Tukajaza jagi moja. Anatawadha, maji yakiisha yameisha. Anaondoka na shaka lake kifuani, anasali nalo hivyohivyo. Siku ya kwanza alitetemeka mikono, jasho linamtoka, akaniambia, "Mama, unanifanya nisali bila udhu." Nikamwambia kaa hapohapo, usirudi bombani. Hofu ilipanda, ikakaa, ikaanza kushuka yenyewe. Kesho yake tena, na tena. Mazoezi haya si yangu, mwanasaikolojia Victor Meyer aliyaandika London mwaka 1966. Hayahitaji umeme wala nauli ya India. Yanahitaji mtu aliyefundishwa kuyaongoza, na hao ndio tulio nao wachache mno, na hakuna anayefungua grupu la mchango kwa ajili yao. Kijana shaka bado linamjia. Anatumia jagi moja, na asubuhi anafungua duka.

Najua kuna anayesema moyoni, huyu mama wa zamani anaogopa vitu vipya. Kipya kipi? Ketamini ilitengenezwa mwaka 1962, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1970 kama dawa ya nusukaputi, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985. Wengine humu mlizaliwa mama zenu wakiwa wamelazwa kwa ketamini, kwa sababu kwa kawaida haimkatishi mgonjwa pumzi kama nusukaputi nyingine, na inafaa pale ambapo hakuna mashine na umeme unakatika. Mwaka 2015 China ilipopendekeza Umoja wa Mataifa uibane dawa hii kimataifa, Shirika la Afya Duniani lilisema isibanwe, na mimi nilikuwa upande huo. Upasuaji vijijini ungefanywaje? Msinifanye adui wa ketamini.

Ninachokataa ni hesabu inayofichwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa dripu ya ketamini wagonjwa 10 wa OCD sugu: sononi ilipungua kwa baadhi yao, lakini OCD haikushuka kufikia kiwango cha kuitwa nafuu kwa hata mmoja. Mwaka 2013 Carolyn Rodriguez na wenzake New York wakajaribu kwa watu 15, nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili, dakika 40, wakilinganisha na maji ya chumvi. Baada ya wiki moja nusu ya waliopata ketamini walikuwa na nafuu ya kweli, na waliopata maji ya chumvi hakuna. Inasisimua, nakubali, maana vidonge vinachukua miezi na hii inaanza kufanya kazi ndani ya saa chache, kwa kupitia kemikali ya ubongo iitwayo glutameti, si serotonini inayoguswa na vidonge. Lakini 15 ni watu wa daladala moja, na hata hawaijazi. Na nafuu yenyewe huwa inafifia. Unajua Rodriguez na wenzake walifanya nini baadaye ili waone kama itadumu? Waliongeza mazoezi ya kuikabili hofu, vipindi vya saa moja moja kwa wiki mbili. Bomba la nyuma ya kliniki, jamani! Mmesafiri mpaka Marekani mkanikuta mimi na jagi langu.

Naambiwa muda umekwisha, mengine nayapitia mbiombio. Dawa ya puani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, esketamini, ni ya sononi sugu, si ya OCD. Ketamini inapandisha presha, na kwa muda mtu anaweza kujiona yuko nje ya mwili wake, kwa hiyo lazima awepo wa kumwangalia mwanzo mpaka mwisho. Ikitumiwa mara kwa mara inaharibu kibofu, na uraibu upo. Oktoba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu ketamini zinazochanganywa na wafamasia ambazo watu wanatumiwa wajitibie nyumbani. Suala la bima nilikuwa nimeliandaa, tuliache, lingenipandisha presha mimi.

Ukimpeleka ndugu yako kliniki, beba kadi zote za zamani na pakiti za dawa alizowahi kumeza, hata tupu. Dada wa kule nyuma, mkono umekuchoka, uliza.