Petroli ya Akiba Botini: Beba Tangi la Pili, Si Jerikeni la Kumimina

Karibuni, ndugu watazamaji. Tuko Dunga, hapa Kisumu, na leo ninawaonyesha namna ya kubeba petroli ya akiba kwa boti ya injini ya nje, ili mfike mbali na mrudi salama. Msimamo wangu ni mmoja: akiba ya kweli ni tangi la pili lililo tayari kuunganishwa na injini. Jerikeni la kumimina katikati ya mawimbi, boti ikiyumba na petroli ikimwagika miguuni, mimi silihesabu kuwa akiba.

Tuanze na hesabu. Thuluthi moja ya mafuta ni ya kwenda, ya pili ni ya kurudi na ya tatu haiguswi ila kwa dharura. Ikiwa injini yako hunywa lita 8 kwa saa na unakwenda mwendo wa saa 2, unahitaji lita 16 mara tatu, yaani 48. Katika ghuba yetu ya Winam thuluthi hiyo ya tatu ni ya lazima, kwa kuwa upepo unaweza kuyasukuma magugumaji yakaziba njia uliyopita asubuhi, nawe ukalazimika kuyazunguka huku ukipambana na mawimbi ya mchana.

Matangi haya mawili ni ya lita 25 kila moja. Ninayauza dukani kwangu, lakini hata ukinunua kwingine, hakikisha yametengenezwa kwa ajili ya petroli. Jerikeni la njano la mafuta ya kupikia lisiingie botini, kwa kuwa plastiki na kifuniko chake havikukusudiwa kazi hii.

Sasa tunajaza. Teremsha tangi uliweke ardhini. Usilijaze likiwa ndani ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo hutuama chini ya mbao za sakafu usipouona, na cheche moja ya betri inatosha kuulipua. Tangi likiwa ardhini, na mdomo wa pampu ukigusa shingo ya tangi muda wote, hata umeme tuli haupati nafasi ya kurusha cheche.

Tia lita 24, usijaze hadi juu. Kiasi hicho kikipata joto la nyuzi 20 zaidi, na jua la hapa mnalijua, huongezeka karibu nusu lita. Kama injini yako ni ya kuchanganyiwa oili kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita 24 zinahitaji mililita 480. Soma kitabu cha injini yako kwanza. Changanya ukiwa nchi kavu.

Kulipakia ni rahisi: petroli pekee ya tangi moja ina karibu kilo 18, kwa hiyo likae chini, karibu na katikati ya boti, limefungwa kamba, mbali na betri na karabai za kuvulia omena.

Hapa ndipo ninapoomba utulivu wenu: kubadilisha tangi. Usingoje la kwanza likauke. Chagua mahali palipotulia, zima injini, kisha fungua skurubu ya hewa ya tangi la pili kabla ya kugusa kitu kingine. Skurubu hii ndogo juu ya kifuniko, ikibaki imefungwa, injini itanyonya mpaka tangi libonyee, halafu izimike ukiwa mbali na ufuo. Skurubu ya hewa kwanza.

Chomoa mpira wa mafuta kwenye tangi la kwanza, sukuma kiunganishi chake kwenye tangi la pili mpaka kilie, elekeza juu mshale wa pampu ya kubinya iliyo kwenye mpira huo, upande wa injini, kisha binya mpaka iwe ngumu. Ngoja. Mnaona? Ninabinya na bado ni laini. Mpiga picha, sogea karibu. Skurubu ya hewa imefunguliwa, kwa hiyo hewa inaingia kwingine. Ninachomoa kiunganishi, na tazameni pete hii nyeusi ya mpira: punje moja ya mchanga imekaa juu yake. Ninaifuta kwa kitambaa safi, ninaipaka tone la oili na kurudisha. Imelia. Ninabinya tena, na sasa imekuwa ngumu. Kagua pete hiyo kabla ya kuondoka ufuoni, na narudia, fungua skurubu ya hewa.

Ukirejea, chomoa mpira wa mafuta, funga skurubu za matangi yote mawili, uyatoe botini na kuyaweka kivulini penye hewa. Mchanganyiko uliobaki utumie safari ijayo, usiuache ukichakaa kwa miezi.