Chini ya Mchanga Kuna Shina Moja

Mabibi na mabwana, karibuni.

Pokeeni jani hili mlipitishe mkono kwa mkono. Ni la duara, linang'aa kama limepakwa mafuta. Ligeuzeni. Kikonyo hakikushika ukingoni kama tulivyozoea, kimeshika katikati, kama mpini wa mwavuli. Upande wa juu, papo hapo katikati, pana kibonde kidogo. Hapo ndipo lilipotoka jina Hydrocotyle, kwa maneno ya Kigiriki ya maji na kikombe kidogo. Mmea wetu huu ni Hydrocotyle bonariensis, yaani wa Buenos Aires. Zamani uliwekwa katika familia ya karoti na giligilani; siku hizi umehamishiwa kwa akina jinsengi.

Majina yatoshe. Kilichonileta leo kimefukiwa.

Ukisimama juu ya tuta la mchanga ufukweni utaona majani haya yamechomoza moja moja, hili hapa, lile pale, kila moja kama limeota peke yake. Ni rahisi kuhesabu mimea mia. Fukua taratibu kwa vidole, usivute. Utakuta shina limelala, na kwenye kila fundo jani limekwenda juu na mizizi imekwenda chini. Lifuate. Linapita mgongoni mwa tuta palipokauka, linateremka bondeni penye unyevu, linapanda tena. Majani mia, mmea mmoja!

Na mmea huo hugawana riziki. Mwaka 1988 mtafiti Jonathan Evans alichapisha kazi yake juu ya jinsi naitrojeni inavyosafiri ndani ya shina hilo, kutoka fundo hadi fundo. Baadaye, yeye na mwenzake wakaligeukia suala la chumvi, na hapa ndipo mimi huwa nasisimka kila mara. Mmea huu si wa chumvi kwa asili yake. Kipande kilichokatwa na kuachwa peke yake kwenye mchanga wa chumvi hudhoofika. Kipande cha namna hiyo hiyo, kikiwa bado kimeungana na ndugu zake walioko kwenye maji baridi, hustahimili, kwa sababu wale wanakunywa na kukipelekea.

Kwa hiyo mtu akichimba mtaro mwembamba kukatiza tuta, hata asipogusa jani hata moja, ameukata mfereji. Majani ya upande wa bahari yatabaki ya kijani kwa muda, nasi tutasema hakuna kilichoharibika. Kinyume chake pia ni kweli: Australia, ambako mmea huu ni mgeni, anayeupiga jembe ili kuung'oa anauzalisha, maana kipande chenye fundo kinaweza kuota upya.

Pale mezani nimelaza shina zima, na mchanga wake. Sogeeni, mguse mafundo.