Muulizeni Habari ya Kugeuka

Matabibu na wauguzi wenzangu, wakubwa shikamooni.

Tuseme amekuja zahanati mama wa miaka 45. Akipanda kilima pumzi inakata. Usiku akilalia upande mmoja anabanwa, akigeuka anapata nafuu. Unaweka stetoskopu, unasikia mngurumo wa vali ya mitrali iliyobana, yaani ule mlango kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo. Kwetu huku, ambako homa ya baridi yabisi imeharibu vali za watu wengi, kalamu inakimbilia huko huko. Nawaomba sana isikimbie. Msikilizeni akiwa amekaa, kisha akiwa amelala. Vali iliyokakamaa haijali sana umelalaje. Uvimbe unaoning'inia unajali.

Uvimbe huo unaitwa miksoma, na si saratani. Ni adimu kweli, lakini kati ya uvimbe wa aina hiyo unaoota moyoni kwa watu wazima, ndio tunaoujua zaidi. Mara 3 kati ya 4 hukaa chumba cha juu cha kushoto, umeshikwa na kikonyo kwenye ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu. Kwenye skrini ya eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, utaliona donge lenyewe, laini kama ute ulioganda. Moyo ukilegea linatumbukia kwenye mlango wa vali na kuuziba. Moyo ukijikamua linarudi juu. Ukishaliona siku moja hulisahau.

Vipande vyake humegeka vikaenda na damu hadi kwenye ubongo, ndiyo maana kijana asiye na presha wala kisukari anaweza kupata kiharusi. Tena humwaga kemikali zinazoleta homa, kukonda na maumivu ya viungo, na mgonjwa akaonekana kama wa kifua kikuu.

Zamani ugonjwa huu ulijulikana zaidi mochwari. Mwaka 1953, huko Lund, Uswidi, Inge Edler na Hellmuth Hertz waliupima moyo kwa mawimbi ya sauti, na huo ndio mwanzo wa eko. Mwaka uliofuata, nchini humo humo, Clarence Crafoord aliutoa uvimbe huu akitumia mashine ya moyo na mapafu, na mgonjwa akapona.

Hakuna dawa ya kuuyeyusha. Ni upasuaji, na ukishagundulika tusimpe mgonjwa tarehe ya mbali. Daktari husimamisha moyo, huutoa uvimbe taratibu bila kuuminya, pamoja na kipande cha ukuta pale kikonyo kilipoota. Wengi hupona kabisa, ila eko za kufuatilia ni lazima. Mkiona madoa meusi mdomoni na usoni, na ndugu yake naye aliwahi kupasuliwa uvimbe wa moyo, pimeni ukoo mzima. Kwa watoto wachanga ni habari nyingine: rabdomioma zao, yaani uvimbe wa misuli ya moyo, mara nyingi hunywea zenyewe.

Kwa hiyo mkiandika rufaa, msiishie kwenye "ugonjwa wa vali". Andikeni: "Pumzi hubadilika akigeuka, mngurumo hubadilika akikaa. Naomba eko leo."