Nailoni Hunywa Rangi: Kuchovya Vipuri vya Gari la Rimoti Nyumbani

SALMA: Karibuni tena, wapenzi wa magari ya rimoti. Leo hatuendeshi, tunapika. Baraka, hebu waambie watu umekuja na nini.

BARAKA: Ahsante, dada Salma. Nimekuja na mikono ya saspensheni, ile inayounganisha magurudumu na chasisi, myeupe pe, na mwenyewe anaitaka myekundu. Kuna kampuni ya California, RPM, ambayo imewahi kuuza vipuri vya nailoni nyeupe makusudi ili mnunuzi avitie rangi mwenyewe. Huko Marekani jambo hili ni la siku nyingi. Wenye RC10 ya Team Associated, lile gari lililotoka 1984, wamechemsha sana vipuri vyeupe.

SALMA: Mimi nauliza swali la mtu wa kawaida. Kopo la spreyi lipo dukani. Sufuria ya nini?

BARAKA: Puliza spreyi kwenye mkono wa saspensheni, halafu rusha gari juu ya kichuguu. Mkono utapinda na kurudi, ila rangi haijui kupinda. Itabanduka magamba magamba. Rangi ya kuchovya inaingia kwenye nailoni yenyewe. Haizami sana, ukikwangua kwa kisu utafika kwenye weupe, lakini mikwaruzo midogo ya changarawe haikuaibishi.

SALMA: Inaingiaje, na plastiki tunachotea maji kila siku?

BARAKA: Ndoo yako siyo nailoni, dada. Nailoni hufyonza maji. Ikikaa hewani tu inachukua asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake, na ile inayoitwa PA6 ikiloa muda mrefu inaweza kukaribia asilimia 9. Tena kwenye molekuli zake kuna sehemu zinazoshika rangi za asidi, zilezile zinazotumika kwa sufu na hariri. Moto unazilegeza molekuli, siki inazitayarisha zile sehemu, rangi inanasa.

SALMA: Aah, sasa tumefika kwetu. Sisi wa Tanga tumekua tukiona ukindu wa mikeka unapikwa na rangi. Basi si nichukue rangi ya batiki tu niliyobakiza?

BARAKA: Hapana, hiyo iache. Batiki inayopikwa kwa dawa za haidrosi na kostiki soda ni alkali, sisi tunataka asidi. Na kostiki jikoni ni hatari bila sababu. Wengi wanatumia Rit, chapa ya rangi za nguo, ile ya kawaida ya matumizi yote, kwa kuwa ndani yake imo rangi inayoshika nailoni. Rit nyingine, iitwayo DyeMore, imetengenezwa kwa polyester na wenzake.

SALMA: Na nitajuaje kwamba kipuri changu ni nailoni? Vyote machoni ni plastiki.

BARAKA: Geuza upande wa ndani, tafuta herufi ndogo zilizochongwa. PA6 au PA66 ni nailoni. Ukiona GF baada yake, kuna nyuzi za kioo. Itashika rangi, ila inaweza kutoka na madoadoa. POM ni asetali, PP ni polipropilini: hao utawachemsha mpaka gesi iishe na watatoka walivyoingia. Chasisi nyingi za magari ya Tamiya ni plastiki ya ABS. DyeMore huishika ABS, lakini plastiki hiyo hulegea karibu na nyuzi 100, kwa hiyo maji yanayotokota yanaweza kukupindishia chasisi. Mimi nisingethubutu.

SALMA: Na bodi?

BARAKA: Bodi inayoonyesha ndani kama kioo ni polikaboneti. Hiyo ina rangi yake, hupulizwa upande wa ndani. Usiilete kwenye sufuria.

SALMA: Kuna msikilizaji ana gari la Traxxas Slash, mikono ni myeusi, anataka bluu.

BARAKA: Pole yake. Rangi hii inaongeza tu, haiondoi. Nyeusi itabaki nyeusi. Hata nyeupe ukianza na njano kisha ukaingiza bluu, umepata kijani, na hakuna kurudi. Anunue vya bluu kutoka kiwandani.

SALMA: Haya, tuingie jikoni.

BARAKA: Kwanza ng'oa kila chuma: skrubu, beringi, na vipini, zile pini ambazo mkono huzungukia. Osha kwa sabuni ya vyombo na mswaki, maana mafuta yakibaki rangi itaruka mahali. Sufuria iwe ya chuma cha pua.

SALMA: Na isirudi kupikia wali! Hilo nalisema mimi, kama mama wa nyumba. Na mwiko wake uende nayo. Fungua madirisha, vaa glovu.

BARAKA: Umesema kweli. Weka maji ya kufunika vipuri, rangi, na siki kama kijiko kikubwa kimoja na nusu kwa lita. Yawe moto sana lakini yasichemke kwa fujo. Vipuri visilale chini ya sufuria, kwa sababu joto la chuma linazidi la maji. Vifunge kwa waya, vining'inie. Koroga. Nyekundu au bluu unaweza kuipata kwa dakika 10 hadi 20. Nyeusi ndiyo mkaidi. Inataka rangi nyingi na muda, la sivyo unatoa zambarau iliyochoka.

SALMA: Na zile rangi za kuwaka, waridi na kijani cha limau?

BARAKA: Nzuri kwa picha. Jua huzipausha upesi.

SALMA: Mimi nilidhani ni urembo mtupu.

BARAKA: Ni urembo, lakini kule kuchemsha kwenyewe kuna faida. Nailoni kavu iliyotoka kiwandani huvunjika upesi; ikinywa maji inakuwa ngumu kuvunjika. Wapo wanaochemsha mikono bila rangi yoyote, kwa ajili ya hilo tu.

SALMA: Inakuwa laini, basi?

BARAKA: Kidogo, na inavimba kidogo pia. Kwa hiyo suuza mpaka maji yatoke meupe, acha vikauke, kisha kabla ya kufunga chomeka kipini kwenye tundu la mkono. Inua mkono, uachie. Mkono ukianguka kwa uzito wake mwenyewe, funga gari. Ukikwama, pitisha rima, kifaa cha kupanua tundu, taratibu mpaka uanguke.