Hesabu Inayokataa: Maji ya Udongoni Dodoma

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nianze na hesabu inayokataa. Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka. Jua na upepo wake vina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2000, kama maji yangekuwepo. Kwa hesabu hiyo, hapawezi kubaki tone la kushuka chini. Sasa mbona mji umekunywa visima vya Makutupora, hapo kaskazini mwa mji, miaka yote hii?

Kosa liko kwenye hayo maneno "kwa mwaka". Mvua yetu inashuka Desemba hadi Aprili, basi. Daftari la maji hufungwa kila wiki, hata kila siku: iliyonyesha, toa iliyotiririka, toa iliyorudi hewani na iliyonywewa na mimea, inayosalia imo udongoni au imeshuka chini zaidi.

Tuanzie Novemba. Udongo umekauka kabisa. Kule mbugani, kwenye udongo mweusi, nyufa zinameza kwato la ng'ombe. Mvua za kwanza zinalipa deni tu. Milimita 20 kwenye udongo wa kichanga uliokauka hazilowanishi zaidi ya sentimita 20 hivi. Mkulima anaona matope, anapanda, jua linawaka wiki mbili, kisha tunailaumu mbegu! Mimi ningemwomba achimbe kwanza kwa jembe, aone unyevu umefika wapi.

Ikija Januari, mambo yanabadilika. Mita moja ya kichanga chetu huweka kama milimita 100 za maji ambayo mmea unaweza kuyanywa. Tifutifu hufika 150 na kupita. Ghala hilo likijaa, mvua inayofuata ndiyo huvuka mizizi. Siku hizo ni chache, na misimu mingine hazipo. Vipimo vya Makutupora, vilivyoanza miaka ya 1950, vinaonyesha maji ya chini yakipungua miaka mfululizo, halafu yakipanda kwa kishindo. Kupanda kukubwa kulikuwa msimu wa El Niño wa 1997/98. Nisidanganye, si yote hupita mashambani: mengi huzama kwenye mchanga wa mito ya msimu.

Mei mvua imekatika, mahindi yamekauka, mbaazi bado kijani. Watu huniuliza inakunywa nini. Inakunywa mvua ya Februari, mita moja chini.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, mama.